Eti Alimtupa Mgonjwa Venice

Kosa langu ni kwamba filamu ilipoisha nilitoka kwenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi na sinia, wageni niliowaacha sebuleni walikuwa wameshamhukumu mwanamke wa Kifaransa aliyezikwa mwaka 1876. Makosa yake yalikuwa yamepangwa moja baada ya jingine, na wa kumtetea hakuwepo ila mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekaa karibu na mlango ili apate upepo. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano, nikiwa sokoni Ifakara napatana bei ya kambale wa kukausha, nikaisikia hukumu ileile kutoka kwa mtu ambaye hata filamu hakuitazama. Ndipo nikaona niandike.

Filamu yenyewe ni Les Enfants du siècle, yaani Watoto wa Karne, ya mwongozaji Diane Kurys. Ilitoka mwaka 1999. Juliette Binoche ni George Sand, mwandishi wa riwaya. Benoît Magimel ni Alfred de Musset, mshairi. Wanapendana, wanasafiri Italia, wanaugua, wanaachana, wanarudiana, wanaachana tena. Mavazi yamebuniwa na Christian Lacroix wa Paris, na yanapendeza kiasi kwamba wakati mwingine unasahau anayezungumza ni nani.

Kwa kuwa nilifundisha Kiswahili na Kifaransa sekondari miaka mingi, kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Sauti ikanikauka katikati, nikampisha shemeji yangu, ambaye alisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuongeza ya kwake. Tumezoea hivyo. Marehemu Lufufu, aliyewafanya Watanzania wengi wazifurahie sinema za kigeni kwa Kiswahili, alitia chumvi apendavyo na hakuna aliyemlaumu. Lakini katika sinema za mateke na bunduki hakuna marehemu anayesingiziwa. Shemeji alitia chumvi kwenye kisa cha watu waliokuwepo, wenye barua zao na makaburi yao. Nayajibu sasa, dai kwa dai, na yale mazito nitakaa nayo zaidi.

Eti alijifanya mwanaume: suruali, sigara, na jina la George

Alizaliwa Paris tarehe 1 Julai 1804, akaitwa Aurore Dupin. Miezi michache kabla, mwezi Machi, Ufaransa ilikuwa imepata sheria mpya ya Napoleon iliyomtaka mke amtii mumewe na kumweka mumewe juu ya mali yake. Mwaka 1822 Aurore aliolewa na Casimir Dudevant. Walipata watoto wawili, Maurice na Solange. Nyumba na mashamba ya Nohant, aliyoachiwa na bibi yake mzaa baba, yakaingia mikononi mwa mume. Talaka haikuwepo, ilikuwa imefutwa mwaka 1816, na ilipokuja kurudishwa mwaka 1884 yeye alikuwa na miaka minane kaburini. Mwezi Januari 1831 alikwenda Paris na posho ndogo kutafuta riziki kwa kalamu.

Kuhusu suruali, ameeleza mwenyewe katika Histoire de ma vie, kitabu cha maisha yake. Paris ya siku zile ilikuwa tope tupu. Viatu vya kike vilipasuka kwa siku mbili, gauni lilitaka fedha za dobi, na kule kwenye tamthilia viti vya bei nafuu vya chini vilikuwa vya wanaume. Aliyempa wazo la kuvaa kivulana ili kupunguza gharama ni mama yake mzazi, ambaye naye aliwahi kufanya hivyo ujanani. Polisi wa Paris walikuwa na amri ya mwaka 1800 inayomtaka mwanamke aombe kibali kabla ya kuvaa kiume, na serikali ya Ufaransa ilikuja kutamka kwamba amri hiyo haina nguvu tena mwaka 2013. Ndiyo, 2013. Simu za kupangusa tulikuwa nazo hapa Ifakara.

Teremkeni mabondeni wakati wa kupandikiza mpunga, mkahesabu ni akina mama wangapi wamevaa suruali za waume zao chini ya kanga. Sijasikia anayewaita wanaume. Tope ni tope.

Jina nalo lina historia ya kibiashara. Kitabu cha mwaka 1831 alichoandika pamoja na kijana aitwaye Jules Sandeau kilitoka kwa jina la J. Sand, kipande cha jina la huyo kijana. Mwaka uliofuata Aurore aliandika Indiana peke yake. Mchapishaji hakutaka kulipoteza jina lililokwisha kuuza, kwa hiyo Sand likabaki, yeye akaongeza George. Hata huku kwetu alikuwepo Karen Blixen, mlima kahawa wa Ngong, aliyeondoka Kenya mwaka 1931 na kutoa kitabu chake cha hadithi mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen. Hakuna aliyemdhania kuwa anataka ndevu.

Kuhusu sigara sina utetezi. Alivuta kweli, na alivuta sana.

Eti alimrubuni mtoto wa watu

Hapa filamu imechangia lawama. Binoche alizaliwa mwaka 1964, Magimel mwaka 1974. Pengo la miaka kumi linaonekana usoni. Walipokutana mwezi Juni 1833, kwenye chakula cha waandishi wa jarida la Revue des Deux Mondes, Sand alikuwa na miaka 28 na Musset 22. Kijana huyo alikuwa ameshachapisha kitabu cha mashairi akiwa na miaka 19, na vilabu vya pombe na nyumba za wanawake wa kulipwa alizijua kabla hajamjua Sand. Barua ya kutamka mapenzi ilitoka kwake kwenda kwa Sand. Mtoto wa watu anayeandika barua kama ile anajua anachotaka.

Jambo moja tu la dai hili lina uzito. Kwa maelezo ya Paul, kaka mkubwa wa Musset, mama yao hakutaka kijana aende Italia, na Sand alikwenda kuzungumza naye mwenyewe, akamwahidi kwamba atamtunza kama mwanawe. Ahadi kwa mama wa mtu ni ahadi nzito, popote pale. Kwa hiyo tuitazame Venice kwa jicho hilo.

Eti alimtupa mgonjwa kitandani akaenda kwa daktari

Hili ndilo lililofika sokoni. Shemeji alilitamka kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: mgonjwa anakata roho, mwanamke yuko chumba cha pili na daktari.

Waliondoka Paris mwezi Desemba 1833. Kwenye boti ya mto Rhône walikutana na Stendhal, mwandishi mwingine, akirudi kwenye kazi yake ya ukonseli Civitavecchia. Nasikitika filamu haikukaa zaidi na watu kama hao. Sand alianza kupata homa tangu Genoa. Mwaka mpya wa 1834 uliwakuta wakiingia Venice, wakapanga katika hoteli ya Danieli. Hapo Sand alilala kitandani kwa homa na tumbo la kuhara, na deni la kazi juu yake, kwa sababu mhariri wake, François Buloz, alimlipa fedha kabla ya kazi na alikuwa akisubiri kurasa. Musset alikuwa wapi? Mjini, kwenye kamari na kwa wanawake. Alimwambia Sand, naye mgonjwa, kwamba amekosea, kwamba hampendi.

Wageni wangu waliiona sehemu hiyo yote, ila hawakuihesabu. Kitanda cha kwanza kilichoachwa Venice kilikuwa cha mwanamke.

Mwezi Februari zamu ikageuka. Musset akashikwa na homa kali, akaweweseka, akapiga kelele, akainuka kitandani bila nguo. Wakati mwingine walihitajika watu wawili kumshika. Waandishi wa maisha yake wengi wanaitaja taifodi, juu ya mwili uliokwisha kuzoea pombe. Sand alimwita daktari kijana wa Venice, Pietro Pagello, mwenye miaka 26. Kwa zaidi ya wiki mbili wawili hao walikesha kwa zamu.

Nitasema neno kuhusu Ifakara, kwa sababu watu wa bonde hili wanaijua homa kuliko hao waandishi wote wa Paris. Neno malaria tunalolitumia kila siku ni la Waitaliano, maana yake hewa mbaya. Walilitunga wakiishi kando ya vinamasi kama sisi. Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara hapa mwaka 1957, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wakati Kurys anaipiga filamu yake, sisi tulikuwa tunanunua vyandarua vya Zuia Mbu vya mradi wa KINET. Kila nyumba hapa ina mtu aliyewahi kuuguza: aliyelala chini ya kitanda cha wodi kwa siku kumi, aliyepika uji na kufua mashuka, aliyemshika mgonjwa mikono asiichomoe dripu. Ajabu ni kwamba elimu hiyo yote waliiacha mlangoni walipoona gauni la hariri.

Aliyeikumbuka ni yule mama muuguzi. Shemeji alipofika kwenye kikombe cha chai, mama aliuliza: "Nani alikiona hicho kikombe?"

Swali hilo ndilo kesi nzima. Kisa cha kikombe ni maarufu: Musset, akiwa kitandani, anadaiwa kuwaona Sand na Pagello wakikumbatiana, kisha kuona mezani kikombe kimoja tu cha chai, ishara kwamba wamekunywa pamoja. Aliyekisambaza kisa hicho kwa kuchapa ni Paul, ambaye siku hizo alikuwa Paris, akakiandika miaka 25 baadaye, ndugu yake akiwa ameshakufa. Shahidi wa kwanza ni mtu aliyekuwa akiweweseka. Wa pili hakuwepo.

"Mwalimu," mama akaniambia, "mgonjwa wa taifodi aliwahi kuniita marehemu shangazi yake, akanidai ng'ombe. Nilimwitikia, nikampa dawa. Sikuandika kitabu."

Sasa niseme linalowaumiza upande wangu, maana utetezi unaoficha hautetei. Sand na Pagello walianza mapenzi kabla Musset hajapona sawasawa. Hilo ni kweli. Sand alimwandikia Pagello tamko la mapenzi katika kipindi hichohicho cha kuuguza, na inasimuliwa kwamba daktari alipouliza karatasi hiyo ampelekee nani, ilibidi aandikiwe jina lake juu yake, tena na neno la kumcheka upumbavu. Mtu anaweza kumlaumu Sand kwa hilo. Lakini kosa hilo na kumtupa mgonjwa ni mambo mawili, na wageni wangu waliyafunga kamba moja. Mgonjwa alilishwa, alioshwa, alikeshewa, alipona. Alipopata nguvu ya kusafiri, mwishoni mwa Machi 1834, Sand alimsindikiza mpaka Mestre, naye akaenda Paris akiwa na mtumishi wa kumwangalia njiani. Ahadi kwa mama yake ilitimizwa: mtoto alirudi hai.

Na aliyeachwa alisema nini? Barua alizoandika Musset kutoka Paris mwezi Aprili hazisomeki kama za mtu aliyetupwa. Anakiri alivyomtendea Sand, anajilaumu, anamtaja Pagello kirafiki. Hasira ilikuja baadaye, waliporudiana Paris na kuumizana tena, mpaka Sand alipokimbilia Nohant mwezi Machi 1835 na mambo yakaisha. Katika miezi ile ya mwisho Sand alikata nywele zake akampelekea. Filamu inajua kutumia nywele. Ndicho kipande kilichowatoa machozi hata waliokuja kumhukumu baada ya dakika ishirini.

Eti bila vurugu zile kazi zao kubwa zisingezaliwa

Dai hili lilitolewa na kijana mwandishi wa nyimbo, kwa nia njema, na ndilo linalonisumbua kuliko yote. Nimelisikia likitumiwa na wasanii kuelezea kwa nini wanapiga wake zao na kwa nini hawamalizi kazi. Mapenzi, wanasema, ni kama mto Kilombero: ukifurika ndipo bonde linarutubika.

Mfano ni mzuri, ila aliyeutoa hajalima. Mafuriko huacha rutuba, kweli. Sijaona mafuriko yakipalilia. Sijaona yakikaa kwenye dungu kuanzia alfajiri kuamia ndege, wala yakipura mpunga na kuupeleka mashineni. Mchele wa Kilombero unaosifiwa Dar es Salaam ni wa mtu aliyehamia shamba miezi kadhaa na kuinama kila siku.

Tutazame tarehe. Les Caprices de Marianne, mojawapo ya tamthilia bora za Musset, ilichapishwa mwezi Mei 1833, mwezi mmoja kabla hajakutana na Sand. Hakuna dhoruba hapo. Lorenzaccio ya mwaka 1834, ambayo Wafaransa wengi wanaiona kuwa kilele chake, imejengwa juu ya mswada ambao Sand alikuwa ameuandika kuhusu mauaji ya mtawala wa Florence mwaka 1537. Hakuuchapisha, akampa Musset. Katika On ne badine pas avec l'amour, ya mwaka huohuo, hotuba ya mhusika Perdican imechukua maneno kutoka barua ya Sand. Nilipoligundua hilo miaka mingi iliyopita nilibadilisha namna ninavyokisoma kisa hiki. Wawili hawa walikuwa wakipeana miswada na barua kama mafundi wa karakana moja wanaoazimana randa. Ugomvi ulitokea humo karakanani, na mara nyingi ndio uliosimamisha kazi.

Sand hakuisubiri dhoruba impe maneno. Aliandika usiku, mpaka karibu na alfajiri, akiwa na mpenzi au bila mpenzi, mgonjwa au mzima. Venice peke yake alitoa Leone Leoni, André, Jacques na zile za mwanzo kati ya Lettres d'un voyageur, kwa sababu Buloz alikuwa ameshalipa na watoto walihitaji ada. Aliendelea hivyo zaidi ya miaka 40, riwaya zaidi ya sitini, na mwaka 1848 akaiandikia matangazo serikali ya muda ya jamhuri. Musset, ambaye kipaji chake mimi nakiweka juu ya cha Sand linapokuja suala la mstari mmoja mmoja wa shairi, aliingia Akademia ya Ufaransa, ile ya wateule arobaini, mwaka 1852, wakati kazi zake kubwa karibu zote zilikuwa nyuma yake. Pombe ilikuwa imemmaliza. Alifariki tarehe 2 Mei 1857 na miaka 46. Sand hakuingia Akademia hiyo kamwe. Mwanamke wa kwanza, Marguerite Yourcenar, alichaguliwa mwaka 1980.

Namkubalia yule kijana kwa kitu kimoja. Mashairi manne ya Nuits, aliyoyatoa Musset kati ya 1835 na 1837, yametoka kwenye jeraha, na ni mazuri mno. Ila ayasome aone: yaliandikwa na mtu aliyekaa chini, akapima mizani, akafuta, akaandika tena. Anayelia hana mkono wa kufuta.

Eti aliuza siri za marehemu

Aliyetangulia kuchapisha ni Musset: La Confession d'un enfant du siècle, mwaka 1836, ambayo ndiyo asili ya jina la filamu. Sand alitoa Elle et Lui mwaka 1859. Mwaka huohuo Paul akajibu kwa kugeuza jina, Lui et Elle, na Louise Colet, aliyewahi kuwa na Musset, akaandika Lui. Msomaji wa Paris alikuwa na ugomvi mmoja kwa matoleo matatu. Elle et Lui si kitabu kizuri. Kinajitetea mno, na mwanamke wa humo hana kosa hata la kumwaga chai. Ningekuwa mhariri wake ningemshauri aandike kingine. Basi.

Eti haya ni ya Wazungu, hayatuhusu

Dai hili lilitoka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi TAZARA, mtu ninayemheshimu. Alisema sisi tunaye Mwana Kupona, aliyemfundisha binti yake kukaa na mume, kwa hiyo tunamtafutia nini George Sand?

Shikamoo mzee, na nashukuru kwa kumtaja, kwa sababu umenirahisishia kazi. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya Elle et Lui. Wanawake wawili waliishi dunia moja, mmoja Siu kwenye kisiwa cha Pate, mwingine Nohant. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepigana na Seyyid Said wa Zanzibar. Aliandika akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Anachofundisha kuhusu utii wa mke hakiko mbali na kile sheria ya Napoleon ilichoamuru mwaka aliozaliwa Sand, na wasomi bado wanabishana ni wapi anaposema kwa moyo na wapi anapomfundisha binti namna ya kupita salama katika dunia ya wanaume. Mimi naona ya pili. Hata ukiona ya kwanza, mzee wangu, Mwana Kupona alishika kalamu akatunga kwa jina lake, bila George wala J., na Waswahili wakalihifadhi. Kwa hilo wa Pate alimtangulia wa Paris.

Na hakuwa peke yake. Salama binti Said, binti wa Seyyid Said huyohuyo, aliondoka Zanzibar mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mume mwaka 1870, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Watu walimsema kama walivyomsema Sand. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alisemwa pia, mpaka mshairi Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Na katika mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, kule Berega, alizaliwa Penina Muhando, aliyetoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972 na kutuwekea jukwaani suala la nani hulaumiwa msichana anaposhika mimba. Kila aliyesoma tamthilia hiyo shuleni alikwisha kufundishwa kuuliza swali la yule mama: nani alikiona hicho kikombe?

Bado mzee ataniuliza mimi nimejuaje yote haya, ilhali na mimi sikuwepo Venice. Nimejua kwa barua. Sand na Musset walitunza barua zao; Sand aliziandaa, hata mkasi aliupitisha mahali fulani, jambo ambalo sitamsamehe. Zilichapishwa mwaka 1904, miaka 28 baada ya kifo chake, na tangu hapo Paul na kikombe chake hawakuwa tena mashahidi pekee. Kwetu, Shaaban Robert tunamjua kama mtu wa nyumbani kwa sababu mdogo wake, Yusuf Ulenge, hakuzitupa barua alizoandikiwa; tunazo katika kitabu, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, kwa kazi ya Mugyabuso Mulokozi.

Flashi ninayo, na anayetaka kuirudia filamu aje Jumapili. Safari hii nitatafsiri mimi mpaka mwisho. Na ninyi mlio na sanduku la barua za babu na bibi chini ya kitanda, hapa mjini au kule Kivukoni ambako maji huingia kwanza, lipandisheni juu ya kabati kabla ya masika.